Namba Iliyomshinda Fermat

Karani ajuaye kazi yake haitii sahihi jumla ya mwenziwe mpaka ameijumlisha tena mwenyewe, hata kama mwenziwe huyo ni mkubwa wake. Namba 4,294,967,297 ilikosa karani wa namna hiyo kwa zaidi ya miaka tisini.

Pierre de Fermat alikuwa mwanasheria wa Toulouse katika nchi ya Ufaransa, na hesabu ilikuwa burudani yake. Alipendezwa sana na namba tasa, yaani zile zisizogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mwaka 1640 alizitazama namba 3, 5, 17, 257 na 65,537. Kila moja hupatikana kwa kutoa 1 katika ile iliyoitangulia, kukizidisha kilichosalia kwa chenyewe, kisha kuirudisha ile 1. Zote tano ni tasa. Ya sita ndiyo hiyo 4,294,967,297, na Fermat akasadiki kwamba nayo ni tasa, na zote zifuatazo vile vile. Asisingiziwe lakini: alikiri katika barua yake kwamba hakuwa na uthibitisho.

Kuihakikisha kwa kalamu haikuwa kazi ndogo. Namba tasa zilizo chini ya 65,536 ni zaidi ya elfu sita, na mtu angepaswa kuijaribu kila moja.

Mwaka 1729 Christian Goldbach alimwandikia Leonhard Euler, kijana Mswisi aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, Urusi, akimwuliza juu ya neno hilo la Fermat. Mwaka 1732 Euler, akiwa na umri wa miaka 25, alitoa jibu: namba hiyo hugawanyika kwa 641. Msomaji na achukue kalamu, azidishe 6,700,417:

kwa 600, apate 4,020,250,200;
kwa 40, apate 268,016,680;
kwa 1, apate 6,700,417.

Akijumlisha hizo tatu ataiona namba ya Fermat mbele ya macho yake.

Baadaye Euler alionyesha kwamba kigawanyo tasa chochote cha namba hiyo, kikigawanywa kwa 64, sharti kibakize 1. Namba tasa za kwanza zenye sifa hiyo ni 193, 257, 449, 577 na 641. Basi migawanyo ile maelfu ikapungua ikawa mitano tu, kazi ya jioni moja kwenye mwanga wa taa.

Tangu hapo haijaonekana namba tasa nyingine katika mfuatano huo. Kuanzia ya sita hata ya thelathini na tatu, zote zimekwisha kujulikana kuwa zinagawanyika. Ajabu ni ile ya ishirini na moja na ile ya ishirini na tano: kompyuta zimethibitisha kwamba si tasa, wala hakuna aliyepata kigawanyo chake hata kimoja.