Bwana Shamba Anajibu: Picha ya Kilimia

Niliahidi kuandika juu ya dumuzi katika vihenge. Dumuzi atangoje toleo lijalo. Mwezi huu nina deni kwa mzee mmoja.

Katika darasa letu la kisomo niliwaonyesha watu picha ya Kilimia. Kilimia sote tunakijua. Ni nyota ndogo zilizokaa pamoja kama vifaranga. Wazee walizitazama ili wajue majira ya kulima. Mwenye macho mazuri huhesabu sita au saba. Katika picha ile nyota zilikuwa nyingi sana, tena zimezungukwa na kitu kama moshi wa buluu.

Mzee aliitazama picha. Akasema, "Huu ni uongo. Nimelala katika dungu nikilinda mahindi tangu ujana wangu. Kilimia hakina moshi." Akachukua fimbo yake, akaondoka. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Mtu anayejifunza kusoma akiona kwamba karatasi zinadanganya, harudi tena darasani. Na jibu sikuwa nalo.

Nikatafuta, nikasoma. Mmoja wa watu wa mwanzo kupiga picha za namna hii ni Isaac Roberts. Alizaliwa Wales mwaka 1829, mtoto wa mkulima. Kazi yake ilikuwa ujenzi. Nyota alizitazama kwa kupenda tu. Nyumbani kwake Maghull, karibu na Liverpool, Uingereza, aliweka darubini yenye kioo cha upana wa inchi 20, yaani kama sentimita 50. Oktoba 1886 aliielekeza kwenye Kilimia. Mahali pa jicho aliweka kibao cha kioo kilichopakwa dawa yenye madini ya fedha. Dawa hiyo hugeuka ikipata mwanga. Kibao kilikaa hapo muda wa saa 3. Kiliposafishwa, ule moshi ulionekana.

Nikaenda nyumbani kwa mzee. Mvua ilikuwa ikinyunya. Nikaomba kikombe na ndoo. Kikombe nilikiweka chini ya paa. Kila tone lilipoingia, nililimwaga. Ndoo niliiacha. Tukazungumza habari za mbegu. Baadaye nikamwuliza, "Baba, kikombe kina maji?" Akasema hakina. Ndoo ilikuwa nayo.

Jicho ni kile kikombe. Hupokea mwanga na kuumwaga papo hapo. Kibao cha picha ni ile ndoo. Hakimwagi. Mwanga hafifu huingia kidogo kidogo mpaka unaonekana.

Mzee alinyamaza. Kisha akasema, "Lakini Kilimia hakikai. Jioni kiko mashariki, usiku wa manane kiko karibu juu ya kichwa. Ndoo yako imetulia, na mvua inahama. Mbona picha haikuvurugika?"

Nawaambieni, swali hilo sikulitazamia. Aliyelala katika dungu anajua mambo. Kwa bahati nilikuwa nimelisoma jibu. Darubini nayo inahama. Inageuzwa polepole na mashine kama ya saa, kwa mwendo ule ule wa nyota. Siku hizi ni mota ndogo ya umeme. Wapenda nyota hujenga kibanda nyuma ya nyumba, chenye paa la kusukuma pembeni. Hupiga picha nyingi za dakika chache chache, na kompyuta huzijumlisha kuwa moja. Adui yao ni mawingu na taa za mji. Roberts mwenyewe alihama mwaka 1890, akaenda Crowborough kutafuta anga safi zaidi. Sisi huku giza tunalo bure, wala hatujalihesabu kuwa mali.

Na moshi ule si moshi. Ni vumbi laini. Nyota za Kilimia zinapita katikati yake na kulimulika, kama taa za lori zinavyomulika vumbi la barabara usiku. Ziko mbali sana. Mwanga tunaouona leo ulitoka huko zaidi ya miaka 400 iliyopita.

Mvua ilikatika, anga likafunguka. Kilimia kilikuwa mashariki. Mjukuu akahesabu saba. Mimi nilipata sita. Nikamwomba mzee ahesabu.

Akasema polepole, "Mimi naona doa moja jeupe. Nyota zilichanganyika mwaka juzi. Hata mwezi una ukungu."

Kumbe moshi alikuwa akiuona yeye kila usiku, wala hakumwambia mtu. Nikawasha tochi. Mboni ya jicho la kulia ilikuwa nyeupe, na ya kushoto ilianza. Mimi si daktari, lakini mtoto wa jicho nimemwona mara nyingi vijijini. Huondolewa kwa upasuaji, na wengi huona tena.

Mzee alisema atakwenda hospitali baada ya kupanda. Nikamwambia wajukuu watapanda, na mimi nitakuja kuwapimia mistari. Akakubali, ila kwa sharti kwamba ile picha niitunze. Anataka kuitazama tena akirudi.

Nauli imechangwa. Atasafiri Jumanne.