Tathmini ya Ujuzi Hutangulia Viza: Kumbukumbu za Kazi Ndizo Zinazoamua

Watanzania wengi wanaofikiria kufanya kazi nje ya nchi hudhani kuwa safari huanzia kwenye dirisha la ubalozi. Kwa baadhi ya nchi zinazopokea wataalamu na mafundi stadi kutoka nje, safari huanza mapema zaidi, katika taasisi ambayo yenyewe haitoi viza. Kazi ya taasisi hiyo ni kutathmini kama mtu anayejitambulisha kuwa mhandisi, fundi umeme au mtaalamu wa mifumo ya kompyuta anafikia kiwango cha fani hiyo katika nchi anayotaka kwenda. Jibu likiwa hapana, ombi la viza halifiki mbali.

Australia ni mfano ulio wazi. Viza zake za wafanyakazi wenye ujuzi zinazotolewa kwa mfumo wa alama, yaani za daraja la 189, 190 na 491, humtaka mwombaji awe amekwishapata matokeo yanayokubalika ya tathmini ya ujuzi wakati anapoalikwa kuomba. Hakuna taasisi moja inayotathmini fani zote. Wahandisi hupimwa na Engineers Australia, wataalamu wa TEHAMA na Australian Computer Society, wauguzi na Australian Nursing and Midwifery Accreditation Council, na mafundi wengi na Trades Recognition Australia. Kila taasisi ina masharti na ada zake.

Kwa viza zinazodhaminiwa na mwajiri, masharti ni mepesi kiasi. Viza ya daraja la 482 iliyofanyiwa mabadiliko tarehe 7 Desemba, 2024 inadai uzoefu wa angalau mwaka mmoja, na tathmini ya ujuzi hutakiwa kwa baadhi tu ya fani na uraia.

Jambo ambalo waombaji wengi hulitambua wakiwa wamechelewa ni kwamba, kwa sehemu kubwa, kinachopimwa kwanza ni ushahidi wa ujuzi. Mhandisi aliyesoma katika nchi iliyotia saini Mkataba wa Washington, unaotambua programu za shahada za uhandisi za nchi wanachama, hupita njia fupi. Afrika Kusini imo katika mkataba huo tangu mwaka 1999, Tanzania haimo. Hivyo mhandisi aliyehitimu katika chuo kikuu cha Tanzania huandaa taarifa ya kuthibitisha umahiri wake, yenye maelezo ya kazi tatu alizozifanya, akieleza kwa maneno yake mwenyewe tatizo lilikuwa nini, alilitatuaje na uamuzi upi ulikuwa wake. Taarifa iliyonakiliwa kutoka kwa mtu mwingine hukataliwa.

Kwa fundi stadi mzigo ni mzito zaidi. Anatakiwa kuonesha kuwa alifanya kazi hiyo kwa malipo, na kwa muda gani. Aliyeajiriwa katika kampuni iliyo rasmi anaweza kukusanya mkataba, hati za mishahara, taarifa za benki, kumbukumbu za michango ya hifadhi ya jamii na barua ya mwajiri inayotaja majukumu yake. Aliyejiajiri anaweza kutumia leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, ankara na risiti. Lakini fundi aliyejifunza chini ya fundi mwenzake, akalipwa taslimu kwa miaka kumi na hakuwahi kuandikishwa popote, ana mikono yenye ujuzi na faili tupu. Mbele ya mtathmini aliye maelfu ya kilomita mbali, miaka hiyo kumi ni vigumu kuihesabu.

Pengo hilo lina gharama inayopimika. Katika mfumo wa alama wa Australia mwombaji anapaswa kufikisha alama 65 kwa uchache, na asiwe amefikisha umri wa miaka 45 wakati wa kualikwa. Uzoefu wa kazi nje ya Australia wa miaka 3 hadi 4 huleta alama 5, wa miaka 5 hadi 7 huleta alama 10, na wa miaka 8 au zaidi huleta alama 15. Taasisi ya tathmini inaweza kuamua kuwa mwombaji alihesabika kuwa mtaalamu kuanzia tarehe fulani tu, na miaka iliyotangulia ikaondolewa katika hesabu. Wakati huohuo umri haungoji: mwenye miaka 25 hadi 32 hupata alama 30, akifika 33 hubaki na 25, na akifika 40 hubaki na 15. Mwaka mmoja wa kusaka barua kutoka kwa mwajiri aliyefunga biashara unaweza kumtoa mtu kwenye orodha.

Ujerumani imechukua mwelekeo tofauti kidogo. Kuanzia Machi 2024, sheria yake ya uhamiaji wa wafanyakazi wenye ujuzi inaruhusu mtu kufanya kazi katika fani zisizohitaji leseni maalumu bila cheti chake kulinganishwa kwanza na cha Ujerumani. Masharti ni kuwa na shahada, au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na serikali ya nchi alikosomea, uzoefu wa miaka miwili ndani ya miaka mitano iliyopita, na ajira yenye mshahara usiopungua kiwango kilichowekwa. Fani kama uuguzi hazimo katika nafuu hiyo; huko ulinganisho wa cheti na ufasaha wa Kijerumani vinabaki kuwa lazima.

Sharti hilo la utambuzi wa serikali ya nchi ya asili ndilo linalorudisha suala hili nyumbani. Nchini, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) hutathmini na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Fundi mzoefu hupimwa, huelekezwa pale anapopungukiwa, kisha hutunukiwa cheti. Kwa fundi ambaye hakuwahi kuwa na hati yoyote, hiyo ni hatua kubwa, nayo humfaa hata kama hatavuka mpaka, kwa kuwa zabuni na ajira za ndani nazo huuliza vyeti.

Hata hivyo, cheti hicho kisichukuliwe kuwa tiketi. Nchi inayopokea ndiyo huamua kinachokubalika, na pale inapodai mafunzo ya miaka miwili, cheti kilichotolewa kwa kupima uzoefu huenda kisitosheleze chenyewe. Fundi umeme anayekwenda Australia, hata akifaulu tathmini, bado huhitaji leseni ya jimbo kabla ya kufanya kazi peke yake. Ndiyo maana ni busara kusoma masharti ya taasisi husika kabla ya kulipa ada yoyote.

Pengo kati ya ujuzi na ushahidi ndimo matapeli wanamojipenyeza, wakiuza barua za ajira na taarifa za umahiri zilizokwisha kuandikwa. Anayenunua hulipa mara mbili. Kwa sheria za Australia, nyaraka ya uongo inaweza kusababisha viza kukataliwa na mwombaji kuzuiwa kupewa viza nyingine kwa miaka mitatu. Mwenye kutaka msaada anaweza kufika katika ofisi ya serikali inayosimamia huduma za ajira au kwa wakala binafsi aliyesajiliwa kisheria.

Mjadala wa ajira za nje umezoea kuhesabu nafasi zinazotangazwa. Kipimo cha manufaa zaidi ni idadi ya Watanzania wanaoweza kuthibitisha kazi waliyoifanya jana. Mwajiri anayempa fundi wake mkataba, hati ya mshahara na barua inayoeleza kazi aliyoifanya anatimiza wajibu wa kawaida wa kiutawala, lakini kwa fundi huyo karatasi hizo tatu zinaweza kuwa ndizo zitakazofungua mlango miaka kumi baadaye.