Uza gari na kutu yake

Babu alituachia Land Rover Series III, zile zilizotengenezwa Uingereza kati ya 1971 na 1985. Injini tumeshaifungua na kuifunga upya, breki ni mpya, chasisi bado. Hela imeisha, ada nadaiwa, basi nyumbani tumekubaliana: liuzwe.

Dalali akanishauri, "Mdogo wangu, piga rangi chini, nani atachungulia?" Kweli, bodi yake karibu yote ni alumini, haishiki kutu, kwa nje linapendeza. Lakini chasisi ni chuma, na ndiyo inayobeba watu. Ikikatika mlimani, rangi haimwokoi mtu.

Mimi nasema gari la zamani lililokarabatiwa nusu liuzwe kama nusu. Mwonyeshe mnunuzi risiti za fundi, mpe tochi alale chini ya gari, agonge chasisi mwenyewe kwa nyundo. Bei itashuka, najua. Mnunuzi wa kwanza kaondoka palepale. Wa pili kaahidi kurudi na fundi wake. Asiporudi, huenda nikaahirisha mwaka. Inauma, ila nitalala usingizi.

Anayelitaka aje. Tochi ninayo.