Homa ya Bonde la Ufa: Onyo huja mapema, pesa huja kondoo wamekwisha kufa

Kila mvua kubwa inapotabiriwa, mjadala kuhusu Homa ya Bonde la Ufa huzuka upya katika ofisi za serikali, na swali huwa lile lile: je, virusi hivi vitarudi? Swali hilo limekwisha kujibiwa na watafiti. Lile ambalo halijapata jibu ni nani atakayeidhinisha pesa za chanjo wakati mifugo ingali malishoni, hai na yenye afya.

Miongoni mwa virusi vinavyotoka kwa wanyama na kuwaingia binadamu, ni vichache vinavyoihusu Kenya kwa karibu kama hivi. Viligunduliwa humu humu nchini baada ya wanakondoo kufa kwa wingi katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha mwaka wa 1930. Wataalamu Daubney na Hudson wa maabara ya mifugo ya Kabete, pamoja na daktari Garnham, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao mwaka uliofuata, na ugonjwa ukapewa jina la eneo ulikoonekana.

Maskani ya virusi hivi ni mayai ya mbu. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga katika mabonde madogo ambayo hujaa maji wakati wa mafuriko, na jike aliyeambukizwa huvirithisha virusi mayai yake. Maji yakikauka, mayai hubaki udongoni kwa miaka mingi bila kufa. Mvua isiyo ya kawaida ikinyesha kwa wiki kadhaa mfululizo, huanguliwa, mbu wakawauma mifugo, kisha mbu wa jamii nyingine wanaozaliana katika maji yaliyotuama wakayaeneza maradhi kwa kasi. Kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia hutupa mimba, na watoto wao hufa kwa wingi.

Binadamu huumwa na mbu hao pia, lakini wengi huambukizwa kwa kugusa damu na maji ya mwili wa mnyama. Anayechinja, anayechuna ngozi, anayemzalisha kondoo na anayeokota mimba iliyotupwa ndio walio hatarini zaidi. Wengi wao hupata homa ambayo hupita. Wachache huathirika macho au ubongo, au hutokwa na damu hadi wakafa. Tofauti na Ebola, maradhi haya hayajapatikana yakienea kutoka mtu hadi mtu katika jamii, na kwa hivyo kumkinga mnyama ndiko kumkinga mtu. Ni jambo jepesi kulisema katika warsha za hotelini Nairobi, lakini bajeti za nchi hazijawahi kupangwa kana kwamba linaaminika.

Mkurupuko wa 2006 na 2007 ndio unaofichua tatizo hili waziwazi. Wakati huo wataalamu hawakuwa tena gizani kama walivyokuwa mwishoni mwa 1997, mvua za El Nino zilipoikumba Garissa na kusini mwa Somalia na vifo vikatangulia majibu ya maabara. Mnamo 1999, wanasayansi wa Marekani walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kwa kupima joto la bahari za Pasifiki na Hindi, pamoja na kijani cha mimea kinachoonekana kwa setilaiti, mkurupuko Afrika Mashariki ungeweza kutabiriwa hadi miezi mitano kabla.

Utabiri huo ulitimia. Kuanzia Septemba 2006 dalili zilionekana baharini, na kufikia Novemba Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikuwa limetoa tahadhari kwa nchi za Pembe ya Afrika. Katikati ya Desemba, habari za watu waliokufa kwa homa na kutokwa na damu ziliifikia Wizara ya Afya kutoka Garissa. Chanjo ya mifugo ilianza kutolewa Januari 2007. Kufikia Machi 12, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limenakili visa 684 na vifo 155 nchini Kenya, na maradhi yalikuwa yamevuka mpaka na kuingia Tanzania.

Hata setilaiti hazikuwa za kwanza. Watafiti waliowahoji wafugaji baadaye waligundua kwamba Wasomali wa kaskazini mashariki walikuwa na jina lao la ugonjwa huo, sandik, yaani pua inayotoka damu, na walikumbuka kwamba waliuona mara ya mwisho 1997 na 1998. Walikuwa wameona mvua isiyokoma, makundi ya mbu wasio wa kawaida na kondoo wakitupa mimba kabla tahadhari za kimataifa hazijatolewa.

Watafiti hao walifikia uamuzi ambao ungepaswa kubandikwa katika kila ofisi ya mifugo. Walisema kwamba kuchelewa kulitokana kwa sehemu na mazoea ya kuamua mambo kwa njia ya yote au hapana: ama serikali ina hakika kuna mkurupuko na hufanya kila kitu, ama haina hakika na haifanyi lolote. Kwa kuwa hakika hupatikana baada ya vifo, chanjo ya dharura haikuchangia kupunguza hasara ya mifugo. Isitoshe, kudunga mifugo wakati maradhi yamekwisha kuingia ni hatari, kwani sindano inayotumiwa kwa wanyama wengi yaweza kuhamisha virusi kutoka kwa mmoja hadi mwingine.

Mnamo 2010, wataalamu wa kanda hii walichapisha mwongozo wa kuchukua hatua kidogo kidogo kadiri hatari inavyozidi. Dalili za kwanza zikionekana, hununuliwa kinachohitajika na wafugaji huelimishwa. Mvua ikizidi, hudungwa chanjo. Mbu wakitokea, soko huangaliwa. Mwongozo huo ni mzuri, ila kila hatua yake ya mwanzo hugharimu pesa kwa ajili ya janga ambalo huenda lisitokee.

Na wakati mwingine halitokei. Mwishoni mwa 2015, El Nino nyingine ilipotabiriwa, uchunguzi wa mifugo uliimarishwa katika kaunti 22 zenye hatari kubwa, maafisa wakituma ripoti kwa simu za mkononi. Mkurupuko mkubwa haukuzuka. Afisa anayetetea bajeti yake mbele ya kamati ya bunge la kaunti hana namna rahisi ya kuthibitisha kwamba pesa zilizotumiwa hazikupotea bure, na wanasiasa hawana subira na ushindi usioonekana.

Ni haki pia kusema kwamba chanjo yenyewe ina kasoro. Ile ya Smithburn, iliyotumiwa kwa miaka mingi, humkinga mnyama kwa muda mrefu kwa dozi moja, lakini yaweza kumtupisha mimba aliye nayo. Mfugaji aliyeshuhudia hayo mara moja hatamleta kondoo wake mara ya pili. Kadhalika, mfugaji anayeripoti ugonjwa hujua kitakachofuata: karantini na soko kufungwa, bila fidia. Mwaka wa 2007 hasara kwa uchumi wa Kenya ilikadiriwa kupita Sh2.1 bilioni, na wachuuzi wa mifugo na wenye mabucha waliibeba pamoja na wafugaji. Nani atashangaa mtu akinyamaza na kuuza mapema?

Maradhi yenyewe hayakungoja. Yalirudi Wajir na Marsabit mnamo 2018. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021 watu waliugua Isiolo na Mandera, huku mifugo ikiambukizwa Garissa na hata Murang'a, kaunti ya milimani ambako ng'ombe wa maziwa hufugwa zizini na ambako wengi hawakuwahi kudhani kwamba hii ni shida yao. Mnamo 2025 zamu ilikuwa ya Senegal na Mauritania.

Chanjo ya binadamu ingali katika majaribio. Mojawapo, inayobuniwa pia kwa ajili ya mifugo, inaongozwa na mwanasayansi Mkenya, George Warimwe, kupitia Chuo Kikuu cha Oxford na kituo cha utafiti cha Kilifi. Ikifaulu, itaondoa hofu ya kutupa mimba, lakini haitajinunua.

Tangu 2013, huduma za mifugo zimo mikononi mwa kaunti, ilhali tahadhari hutolewa Nairobi. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1 na mvua za vuli huanza Oktoba. Katika miezi hiyo mitatu chanjo inapaswa kuagizwa, kusafirishwa ikiwa baridi hadi Ijara au Laisamis na kudungwa, na mara nyingi ndiyo miezi ambayo kaunti huwa zingali zikisubiri mgao wao kutoka Hazina Kuu.