Msilaumu bomba

Mwandishi, hapo unapolaumu maji kwa tangi la samaki kugeuka kijani sikubaliani nawe. Hapa Nzega, tangu tupate maji ya Ziwa Victoria yanayosukumwa kutoka mtambo wa Ihelele, tangi la samaki likigeuka kijani lawama ni za bomba. Langu lilikuwa kama mchuzi wa mlenda! Kumbe mchawi ni mkono wangu: unga wa dagaa mara tatu kwa siku. Dagaa husagwa na mifupa yake, nayo imejaa fosfati. Kisicholiwa kinaozea chini, fosfati inaingia majini na mwani wa kijani unashiba. Sasa nalisha mara moja, kiasi cha kubana kwa vidole viwili, nafyonza uchafu kwa mpira na kubadilisha robo ya maji kila Jumapili. Tangi nalo nimeliondoa dirishani penye jua. Dawa ya kuua mwani siitaki: mwani ukifa na kuoza, fosfati ileile inarudi majini.