Upande wa Nje wa Ukuta



Mtu akituuliza ni jengo gani la watu wote linalokutanisha watu wengi zaidi huku Kimanga, wengi wetu tutataja kanisa, shule au soko. Lakini tukihesabu kwa uaminifu, siku kwa siku, huenda tukalazimika kutaja bomba la maji. Jua halijachomoza juu ya ziwa, na tayari bidoni za manjano zimekwisha kupangwa mstari mmoja. Hapo ndipo inapojulikana nani amejifungua, nani amefiwa, nani amerudi kutoka Bujumbura, na ni familia gani imeshuka juzi kutoka milimani bila mzigo wowote. Hata hivyo pahali hapo hapana paa wala kiti. Maji yanayomwagika hugeuka matope chini ya miguu ya mama zetu, na katika mji unaokijua kipindupindu kama tunavyokijua sisi, matope hayo si jambo dogo. Watu waliosimama muda mrefu juani huchoka, na waliochoka hugombana upesi.

Tumeanza na bomba kwa sababu Bwana wetu mwenyewe alifundisha mahali pa namna hiyo. Mwinjili Yohane, katika sura ya nne, anatueleza kwamba Yezu alikuwa amechoka kwa safari, akaketi penye kisima cha Yakobo. Akaja mwanamke wa Samaria, mtu wa taifa ambalo taifa la Yezu halikushirikiana nalo. Yaliyofuata tunayajua sote. Tuangalie tu jambo dogo tunalolipita haraka tunaposoma: palikuwa na maji ambayo wote wawili waliyahitaji, na palikuwa na mahali pa kuketi.

Hoja yetu ni hii. Kila jengo la watu wote linalojengwa au kutengenezwa upya katika mji wetu, likiwa shule, zahanati, ofisi ya kartie, ukumbi wa parokia au bomba, lifikiriwe kuanzia upande wake wa nje, pale anapopita mtu asiye na shughuli ndani. Upande huo ndio unaoonyesha kama jengo ni la watu wote kweli, au ni la watu wote kwa maandishi ya mlangoni tu.

Jambo hili si geni kwa lugha tunayosema. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na katika mji wa Lamu, ambayo UNESCO iliiweka katika urithi wa dunia mwaka 2000 na 2001, nyumba nyingi zimejengewa mbele yake kiti kirefu cha mawe kiitwacho baraza. Mwenye nyumba huketi hapo, na mpita njia naye huketi bila kuombwa kuingia ndani. Faragha ya familia inabaki salama nyuma ya mlango, huku barabara ikipata mahali pa mazungumzo. Mvua kubwa ikinyesha na njia zikijaa maji, watu hutembea juu ya baraza hizo hizo. Kitu kimoja, kilichojengwa mara moja, kinafanya kazi ya kiti, ya ukumbi na ya njia.

Kiswahili kilifika ziwani kwetu kwa njia za misafara. Burton na Speke walipofika Uvira kwa mtumbwi kutoka Ujiji mwaka 1858, biashara ya watu wa pwani ilikuwa imekwisha kufika katika nchi hizi, nayo ilikuwa biashara ya pembe za ndovu na ya wanadamu. Hatuwezi kuisifu njia hiyo. Lakini neno baraza lilibaki, na watu wetu walilipa maana yao. Wabeljiji walilichukua katika Kifaransa cha Kongo na kuiita varanda ya nyumba « barza ». Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakubwa wa makabila ya Kivu ya Kaskazini walipounda chombo cha kupatanisha jamii zao, walikiita Barza. Wabembe, kabla ya hayo yote, walikuwa na lubunga, mahali pa wazee kuketi na kukata shauri. Kwa hiyo neno moja linataja kiti, na pia linataja watu wanaosikilizana wakiwa wamekiketi. Babu zetu hawakuyatenga mambo hayo mawili.

Maandiko Matakatifu nayo hayakuyatenga. Boazi alipotaka kumkomboa Ruthu, alikwenda kuketi langoni pa mji, akawaita wazee kumi waketi pamoja naye. Hekalu la Yeruzalemu lilikuwa na ukumbi ulioitwa wa Solomoni, wenye paa na nguzo na ulio wazi upande wa uwanja. Yezu alitembea humo wakati wa baridi, na baadaye Mitume walikusanyika humo humo pamoja na watu. Kanisa la kwanza lilihubiri Habari Njema katika varanda ya jengo la watu wote, kabla halijawa na jengo lake lenyewe.

Sasa tuutazame mji wetu. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika, ukachukua makumi ya watu na maelfu ya nyumba. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda likaingia katika nyumba za pwani. Juu ya hayo tumeona vita na wakimbizi, mara nyingi kuliko tunavyotaka kuhesabu. Baada ya kila msiba tunajenga tena, na tunachojenga kwanza ni ukuta. Tunauelewa woga huo, maana ni wetu pia. Lakini tembeeni katika njia kuu jioni moja, mtazame ni umbali gani mtu anaweza kwenda kati ya kuta mbili ndefu, bila kivuli, bila kiti, bila mlango ulio wazi. Watoto huketi juu ya rundo la matofali. Vijana huegemea pikipiki. Mzee aliyechoka huketi ukingoni mwa mfereji.

Hasara ya jambo hilo si uchovu wa miguu tu. Katika Uvira wanakaa Wavira, Wafuliiru, Wabembe, Warundi, Wanyindu, Wanyamulenge, Washi na wengine wengi. Tunajua jinsi uvumi unavyotembea kati yetu, na jinsi watu walivyokufa kwa ajili ya neno ambalo hakuna aliyelihakikisha. Uvumi hupata nguvu kwa mtu asiyemjua jirani anayesemwa. Hajawahi kuketi karibu naye, wala kumwuliza habari za mtoto wake mgonjwa. Tarehe 18 Agosti 2024, mapadre Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Albert Joubert pamoja na bruda Vittorio Faccin, waliouawa huko Baraka na Fizi mwaka 1964, walitangazwa wenye heri hapa mjini kwetu, na watu wa lugha nyingi wakaketi pamoja wakiimba. Tulikuwa na furaha. Lakini siku ile ilikuwa moja. Mahali pa kuketi pamoja katika siku nyingine zote ni pachache, na watu wenyewe tu ndio wawezao kupajenga.

Tunajua kuna mapingamizi matatu, nayo yanastahili kujibiwa.

La kwanza ni usalama. Wezi wapo, na watu wenye silaha wamepita katika mji huu mara nyingi. Wasichana wa shule na wagonjwa wa zahanati wanastahili kuwa na uzio. Kwa hiyo hatudai kuta zibomolewe. Tunadai kwamba ukuta ukilazimika kujengwa, upewe kiti upande wa barabara. Fundi anayejenga kwa matofali ya kuchoma anaweza kupanua msingi kidogo na kuuacha utokeze kwa kimo cha goti, akiusakafia vizuri. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ukuta wenyewe. Tena watu walioketi mbele ya jengo hulilinda, kwa kuwa mgeni hapiti bila kusalimiwa na kuulizwa aendako.

La pili ni fedha. Huko Gando, kijiji cha Burkina Faso, Francis Kéré alirudi kwao kujenga shule ya msingi, iliyokamilika mwaka 2001. Udongo wa hapo hapo ulichanganywa na saruji kidogo ukafanywa matofali, paa likainuliwa juu ya kuta ili hewa ipite, nao wanakijiji wakafanya kazi kwa mikono yao. Mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu wa majengo duniani. Sisi nasi tuna salongo. Mawe yanayoshuka na mito yetu kutoka milima ya Mitumba yametuletea msiba. Yanaweza pia kutuletea viti. Na watu wanaobeba mawe pamoja wamekwisha kukutana kabla jengo halijakamilika.

La tatu tunalisikia kwa wazazi wetu: mahali pa kuketi patazaa uvivu. Tunawajibu kwa heshima kwamba kijana asiyepata mahali pa kuketi mbele ya shule au kanisa hatarudi nyumbani kusoma. Ataketi mlangoni pa baa, kwa sababu baa imemwekea kiti.

Kwa hiyo yafaa kuwauliza wajenzi mambo gani? Kwanza, kivuli kiko wapi na saa ngapi? Kwetu jua huchomoza juu ya ziwa na kuzama mapema nyuma ya milima. Varanda inayotazama ziwa ina kivuli baada ya mchana, saa ambazo wanafunzi wanatoka na vikundi vinakutana. Pili, sakafu imeinuliwa kiasi gani, na maji ya mvua na ya bomba yatapita wapi? Tatu, je, bibi mwenye fimbo na kijana mwenye kiti cha magurudumu wanaweza kupanda? Nne, kuna choo na maji ya kunawa? Bila hivyo mama mwenye mtoto hatakaa. Tano, ufunguo uko kwa nani? Katika parokia moja tuliona ukumbi mzuri, wenye bati jipya, uliofungwa siku sita kwa wiki kwa sababu mwenye ufunguo mmoja alikuwa safarini mara kwa mara. Vijana walifanya mkutano wao chini ya mwembe, wakiegemea ukuta wa ukumbi wao wenyewe.

Papa Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, aliwakumbusha wanaopanga miji kwamba haitoshi kutafuta uzuri wa jengo. Maisha ya watu na kukutana kwao kuna thamani kubwa zaidi, na wakaaji wenyewe wanapaswa kusikilizwa katika kupanga. Basi vijana wa parokia mnayo haki, tena wajibu, wa kusema neno lenu kabla msingi haujachimbwa.

Tusijidanganye, hata hivyo, kwamba kiti peke yake kitatupatanisha. Penye birika la Bethzatha palikuwa na matao matano, yaani varanda tano za kutosha kabisa, zilizojaa watu. Na katikati yao alilala mtu aliyekuwa mgonjwa miaka 38, akisema kwamba hana mtu wa kumsaidia kuingia majini. Wajenzi walikuwa wamefanya kazi yao. Majirani ndio waliokosa kumwona. Jengo laweza kutuweka karibu. Kugeuza uso na kumwuliza aliye kando yetu jina lake ni kazi yetu, nayo ndiyo tunayoizoea kila wiki katika shirika zetu, tunapoketi uani kwa jirani na kulisikiliza Neno la Mungu.

Tunawapendekezea tendo moja kwa mwezi huu. Kila kikundi kizunguke kartie yake kwa daftari, kwa siku saba, asubuhi na jioni. Andikeni watu wanaketi wapi sasa, na wangependa kuketi wapi lakini hapafai. Kisha chagueni pahali pamoja tu, pengine penye bomba, mwombeni ruhusa mwenye mahali hapo, paroko au mkubwa wa kartie, nanyi mjenge kwa salongo kiti kimoja chenye kivuli na mfereji wa kupitisha maji. Waalikeni katika kazi hiyo vijana wa makanisa mengine na wa msikiti, kwa maana nao hunywa maji yale yale.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Ni jirani gani ninayempita kila siku nisiyemjua jina, na ni mahali gani tungeweza kuketi pamoja?
2. Upande wa nje wa kanisa letu unamwambia nini mtu asiye Mkristu anayepita?
3. Ufunguo wa ukumbi wetu uko kwa nani, na tungefanya nini ili ukumbi ufunguliwe mara nyingi zaidi?

Wenye Heri Mashahidi wa Baraka na Fizi, mtuombee.