Kifyatulio Kizito Hakimzuii Mzembe

Katika mabishano ya wenye bastola, dai lisilokufa ni hili: kifyatulio kikiwa kizito, risasi haitoki kwa bahati mbaya.

Polisi wa jiji la New York waliliamini kwa miaka mingi. Walipoacha bastola za silinda miaka ya 1990, bastola za Glock walizopewa zilifungwa springi inayotaka kifyatulio kivutwe kwa nguvu ya takriban kilo 5.4. Cha kawaida cha kiwandani hutaka kama kilo 2.5. Sasa piga hesabu: Glock 19 ikiwa tupu, bila magazini, haifiki gramu 650. Kidole kimoja kinavuta zaidi ya mara nane ya uzito wa silaha yenyewe, na mdomo wa bastola huhama shabaha kabla risasi haijatoka.

Agosti 2012, nje ya jengo la Empire State, askari wawili wa jiji hilo walimfyatulia risasi 16 mtu aliyekuwa ametoka kuua. Wapita njia tisa walijeruhiwa kwa risasi zao au vipande vyake. Sisemi springi ndiyo iliyowajeruhi. Barabara ilijaa watu, na hofu hutetemesha mkono wowote. Nasema tu kwamba uzito ule haukumlinda mpita njia yeyote. Miaka minne kabla ya tukio hilo, ripoti ya taasisi ya utafiti ya RAND ilikuwa imeshapendekeza vifyatulio vyepesi vichunguzwe. Wanaotetea uzito husahau pia kwamba mkono ulioshtuka hukaza kwa nguvu kubwa mno. Kinachozuia ajali ni kidole kukaa nje ya kifyatulio hadi uamuzi wa kupiga ufanyike, na hilo hufundishwa, haliuzwi dukani.

Wapo wa upande wa pili, na hawa ndio wanaonichosha zaidi: "Weka springi dhaifu, mambo yatalainika." Springi ipi? Ndani ya Glock ya kawaida, springi ndogo ya kifyatulio humsaidia anayevuta, kwa hiyo ukiweka iliyo ngumu zaidi, kifyatulio kinakuwa chepesi. Springi ya pini ndiyo inayopingana na kidole. Ukiidhoofisha, kweli kidole kitapumua, lakini pini nayo itagonga fataki, kile kiwashio cha kitako cha risasi, kwa unyonge. Fataki laini italipuka. Ngumu itabaki na kialama kidogo tu, na wewe utasikia "tak" mahali ulipotarajia mlio. Kwenye mashindano umepoteza pointi. Kwa mtu anayeitegemea bastola kumlinda, hiyo ni biashara mbaya.

Dai jingine ni kwamba springi ngumu ya kurudisha slaidi huhifadhi bastola. Lakini ugumu huo una kipimo chake. Springi ya bastola aina ya 1911 ya .45 kwa kawaida ni kama kilo 7.3. Ukizidisha sana, hasa kwa risasi zisizo na nguvu, slaidi hairudi nyuma vya kutosha: ganda linabanwa mlangoni, au risasi inayofuata haichukuliwi. Ikifanikiwa kurudi, hufunga kwa kishindo na kuinamisha mdomo wakati ambapo mpigaji anatafuta shabaha upya.

Na magazini iliyokaa imejaa miezi kadhaa? Springi nzuri haiharibiki kwa kukaa imebanwa. Huchoshwa zaidi na kujazwa na kumwagwa mara kwa mara, kwa hiyo anayebadilisha springi aanze na magazini za mazoezi.